“Punguza mawazo”: uzi kwa wenye kisukari, presha na magonjwa mengine ya kudumu

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 53, na huu ni mwaka wa tisa tangu nigundulike kuwa na kisukari cha aina ya pili. Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya maneno mawili ambayo karibu kila mgonjwa wa kudumu ameshaambiwa: “Punguza mawazo.” Husemwa kwa upole, mara nyingi msemaji akiwa ameshaanza kuandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, nami huitikia “sawa, sista,” kisha hutoka nikiwa na wazo moja zaidi ya yale niliyoingia nayo.

Nianze kwa kukiri. Kliniki yetu humtaka kila mgonjwa mwenye kipimo cha nyumbani aandike sukari yake ya asubuhi katika daftari dogo. Kwa karibu mwaka mzima daftari langu lilikuwa la kupika. Usiku wa kuamkia kliniki, watu wakishalala, nilikuwa nikikaa mezani na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, nikijaza wiki sita kwa mkao mmoja: 6.4, 7.1, 6.8, na hapa na pale 9.2 ili mambo yasionekane mazuri kupita kiasi. Kalamu nilizibadilisha kila baada ya siku nne au tano, na ukurasa mmoja niliudondoshea chai kwa makusudi. Anayefanya haya ndiye yule yule anayewakamata wanafunzi walionakiliana majibu ya mtihani. Kisha kikaja kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, ambacho hakijui kalamu, nacho kikasema asilimia 9.8. Daktari alilitazama daftari, akaitazama karatasi ya maabara, akaongeza dawa, akaniambia nipunguze mawazo.

Sikuwa mzembe, maana mzembe asingejali daftari linasema nini. Nilikuwa nimeacha kupima kwa sababu kila namba niliiona kama alama ya mtihani wangu mwenyewe, na asubuhi nikikuta 13 nilikuwa nakwenda darasani nimeshafeli kabla kengele haijalia. Mdogo wangu naye ana kisukari hiki hiki, kama alivyokuwa nacho mama yetu, na yeye ni mtu wa utani na vijiwe, asiyekumbuka hata siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Nyumbani husema mimi nimeuguzwa na kuwaza na yeye ameuguzwa na starehe. Hulka mbili zinazopingana zimebebeshwa ugonjwa mmoja, na hakuna aliyeona kasoro katika hesabu hiyo.

Sikatai kwamba msongo wa mawazo hupandisha sukari. Hupandisha, na njia yake inajulikana. Mtu akiingiwa na hofu, au akiishi katika mvutano wa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, na homoni hizo huliamuru ini litoe sukari ya akiba ili mwili upate nguvu ya kupigana au kukimbia. Kongosho la mtu mwenye afya hulipa deni hilo kwa insulini. Letu haliwezi, kwa hiyo sukari hubaki ikizunguka damuni bila kazi, na mwenyewe hana wa kupigana naye wala pa kukimbilia. Zipo pia njia za pembeni, ambazo mimi nadhani ndizo kubwa zaidi: usingizi unaokatika, chai yenye sukari saa tano usiku, dawa ya jioni iliyosahauliwa. Ninachokikataa ni pale msongo unapogeuzwa kuwa tabia, na tabia ikageuzwa kuwa kosa la mgonjwa.

Kosa hilo si la majirani peke yao. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, aliandika kuhusu panya aliowachoma sindano za vitu mbalimbali, akawaweka kwenye baridi na kuwachosha kupita kiasi: wote walionyesha mabadiliko yale yale, tezi za juu ya figo zikikua, tezi ya thaimasi ikisinyaa, na vidonda vikitokea tumboni. Ni yeye aliyelieneza baadaye neno stresi kwa maana tunayoitumia leo, na vidonda vya tumbo vikawa ugonjwa wa mfano wa watu wenye mawazo. Kwa miongo kadhaa wagonjwa walishauriwa kunywa maziwa, kupumzika na kutuliza nafsi. Mwaka 1979, huko Perth, Australia, daktari Robin Warren aliona bakteria kwa hadubini katika vipande vya tumbo la mgonjwa, na baadaye Barry Marshall akaungana naye. Walihangaika kuwaotesha maabara bila mafanikio, kwa kuwa sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili kama desturi ilivyokuwa; walifanikiwa mwaka 1982 pale sahani zilipoachwa siku kadhaa za sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na baada ya siku chache akaanza kutapika. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua bakteria hao na mchango wao katika kusababisha vidonda vya tumbo.

Leo vidonda vingi hutibiwa kwa dozi ya antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na kisababishi kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo tunazinunua dukani kama pipi. Hata hivyo, nenda mtaa wowote useme una vidonda vya tumbo, kisha uhesabu ni wangapi watakuuliza kama ulimaliza dozi na ni wangapi watakuuliza nani anakuudhi.

Wenye uzoefu, naomba mnisaidie: hulka ya mtu ina kazi gani hasa katika ugonjwa wa kudumu, na mgonjwa akiambiwa apunguze mawazo, aanzie wapi?

Mchangiaji kutoka Tanga

Mkuu, uzi mzuri, lakini usitake kutuaminisha kwamba hasira haina madhara. Marehemu baba alikuwa mtu wa kufoka. Alikuwa akiudhika, mishipa ya shingo inasimama, na tukimpima presha jioni hiyo tunakuta 190 kwa 110. Alipopooza upande mmoja, alikuwa ametoka kugombana na mpangaji. Hilo nililiona kwa macho yangu, sikusoma popote. Na hao watu wako wa Perth hawakuufuta msongo kabisa kwenye vidonda. Nchini Denmark walifuatilia watu zaidi ya 3,000 kwa miaka mingi, na waliokuwa na msongo mkubwa walipata vidonda zaidi, wenye bakteria na wasio nao. Nakubaliana na wewe kwenye lawama tu.

Mleta uzi

Mkuu wa Tanga, pole sana kwa mzee, na nashukuru kwa hilo la Denmark. Linanirudisha kwenye mstari. Hasira hupandisha presha kwa saa ile, na kwa mtu ambaye mishipa yake imeshaharibika saa ile inaweza kutosha. Lakini je, mzee alikuwa akimeza dawa za presha kila siku, au alikuwa akizimeza siku anazosikia kichwa kinauma? Nauliza kwa heshima, kwa sababu baba yangu mimi alikuwa wa aina hiyo ya pili, na hadi leo ukoo unasema aliuawa na hasira. Shajara ya vidonge haikuwahi kuitwa shahidi.

Habari ya hasira na moyo ina historia yake. Katika miaka ya 1950 madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, waliambiwa na fundi wa viti jambo la ajabu: viti vya chumba chao cha kusubiria vilikuwa vimechakaa ukingo wa mbele tu, kana kwamba wagonjwa walikuwa wakikaa nusu, tayari kuinuka. Kutokana na mawazo ya aina hiyo walitunga hulka waliyoiita aina A: mtu wa haraka, wa ushindani, asiyestahimili foleni. Waliwafuatilia wanaume 3,154 wa California kwa miaka 8 na nusu, na wale wa aina A walipata ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya wenzao watulivu. Dunia nzima ilishika habari hiyo. Lakini mwaka 1988 ilichapishwa taarifa kuhusu wale wale waliokuwa wameshaugua moyo, na ikaonekana kwamba aina A walikuwa wakifa kwa kiwango kidogo kuliko watulivu. Tafiti nyingine kubwa hazikuona tofauti. Kilichobaki, na hapa nakupa haki yako, ni sehemu moja ya hulka hiyo: uhasama, yaani kuishi ukimshuku na kumchukia kila mtu, ambao umeendelea kuonyesha uhusiano fulani na moyo, japo si mkubwa. Tusisahau pia kwamba kampuni za sigara za Marekani zilifadhili utafiti huu wa hulka kwa miaka mingi. Moyo ukilaumiwa kwa tabia, sigara inapata nafasi ya kupumua.

Kuna utafiti mwingine unaonigusa zaidi kama mtumishi wa umma. Kuanzia mwaka 1967 walifuatiliwa wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa wakifanya kazi katika ofisi za serikali mjini London, na Michael Marmot na wenzake wakaja kulinganisha vyeo vyao. Ungedhani wakubwa wenye simu tatu mezani ndio wangekufa kwa moyo. Ilikuwa kinyume: watarishi na walinzi wa milango walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wale wa vyeo vya juu kabisa, na uvutaji wa sigara na presha vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha uzito wa kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe. Kwa hiyo ninapoambiwa nipunguze mawazo, huwa najiuliza kama tarishi yule angeweza kuyapunguza kwa kuvuta pumzi ndefu, wakati mawazo yake mengine yalikuwa ni kodi ya nyumba.

Muuguzi mstaafu

Mwalimu, nimesoma hadi mwisho, na naomba niwatetee kidogo walio nyuma ya meza. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, na 14 ya mwisho nilikuwa kliniki ya kisukari na presha. Siku ya kliniki tulikuwa na wagonjwa 70 hadi saa nane mchana. “Punguza mawazo” ni maneno ya mtu mwenye dakika nne. Tulikuwa tunaona kwamba mtu ana mzigo, hatuna muda wa kuufungua, na tukiufungua hatuna pa kuupeleka, kwa sababu ukimwandikia mtu karatasi ya kumwona daktari wa afya ya akili, yeye anasikia “Mirembe,” ile hospitali ya magonjwa ya akili, anaikunja karatasi na hamwoni tena.

Na hizo daftari za kupika tulizijua. Chai yako, mwalimu, haikumdanganya mtu. Daftari la kweli lina pembe zilizokunjika, lina siku zisizoandikwa, na mara nyingi lina alama ya damu, kwa sababu mtu anatoboa kidole, anasoma namba na kuandika kabla damu haijakauka. Daftari safi lisilo na hata tone ni la usiku mmoja. Tulikuwa tunanyamaza kwa kudhani tunamsitiri mgonjwa. Nikifikiria sasa, naona tulimwacha peke yake na uongo wake.

Kuhusu swali lako la hulka, nitasema nilichokiona. Watu wenye utaratibu, wanaopanga vidonge kwenye kijiboksi cha siku saba, kwa jumla walikwenda vizuri. Hili si langu tu. Kule California walianza kuwafuatilia watoto wapatao 1,500 mwaka 1921, na ilipofika mwaka 1993 mtafiti Howard Friedman (si yule wa viti) na wenzake walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa uangalifu waliishi miaka mingi zaidi, ilhali wale wachangamfu hawakupata faida hiyo, na hata walipungukiwa kidogo. Kwa hiyo mnaoambiwa mcheke ili mpone, chekeni, lakini mezeni dawa. Sasa ndugu zangu, huyo mwangalifu huyo huyo ndiye niliyemwona akivunjika vibaya zaidi siku namba zilipokataa, kwa sababu aliamini kwamba akifanya kila kitu sawasawa mwili utamlipa. Kisukari hakina uungwana huo. Mafua peke yake yanaweza kukupandishia sukari wiki nzima.

Tena tusichanganye mambo mawili. Kuna sonona, ambayo ni ugonjwa: mtu hana raha na lolote kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umeharibika, chakula hakipandi, anajiona hana thamani. Hiyo ina matibabu yake, na aliyefikia kuona heri asiwepo asisubiri tarehe ya kliniki, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Halafu kuna kuchoshwa na kisukari chenyewe, yaani sindano, masharti ya chakula, hofu ya kukatwa mguu, macho ya watu sherehe za harusi ukikataa soda. Mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walitengeneza mwaka 1995 dodoso la maswali 20 kwa ajili ya uchovu huo peke yake, na lilionyesha kwamba mtu anaweza kuwa nao bila kuwa na sonona. Mwalimu wetu, kwa maelezo yake, nadhani yuko hapa. Huyu hahitaji kwanza kidonge cha usingizi. Anahitaji mtu wa kumuuliza ni kipi kati ya mambo hayo kinachomlemea zaidi, na kuanza na hicho kimoja.

Mchangiaji mwenye selimundu

Naomba niongeze upande mwingine. Nina selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, tangu kuzaliwa, sasa nina miaka 29. Mimi sijawahi kuambiwa nina mawazo. Mimi nimeambiwa kila siku kwamba ni jasiri. “Huyu binti mvumilivu jamani, haliagi.” Nilipokuwa kidato cha pili maumivu yalinishika usiku bwenini, mgongo na mapaja, nikang’ata shuka hadi alfajiri ili nisiiharibu sifa hiyo, na nilipofikishwa hospitali nilikuwa nimechelewa kupewa maji na dawa. Sifa ya hulka nzuri nayo inaweza kumuumiza mgonjwa. Tangu hapo nimejifunza kusema “naumwa” mapema, na kuna ndugu ambao hadi leo wanaona nimedhoofika imani.

Mchangiaji mwingine

Haya yote ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna dini, tuna wazee, tuna majirani. Mtu akiwa na mawazo anakaa na wazee wanamtuliza.

Mleta uzi

Dada wa selimundu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Nakiri kwamba ningekuwa mwalimu wako wa zamu usiku ule, huenda ningekusifu.

Kaka uliyetaja wazee, umenirahisishia kazi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, wa Zimbabwe, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, Harare, na akina bibi 14, akiwa hana vyumba wala wauguzi wa kutosha. Alichokuwa nacho ni mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mgonjwa hukaa benchini na bibi aliyefunzwa, naye hamwambii apunguze kitu. Anamwomba ataje matatizo yake yote, wachague moja, wapange hatua moja inayowezekana wiki hiyo, kisha arudi aseme imekwendaje. Matokeo ya jaribio lake, lililowahusisha watu 573, yalichapishwa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa benchini walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hizo zimefika hadi Zanzibar. Neno la Kishona wanalolitumia kwa hali hiyo ni kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni “mawazo” yetu haya haya. Tofauti yangu na wewe ni ndogo: wazee wengi ninaowajua mimi hawakai kusikiliza. Wanatuliza, yaani wanakunyamazisha kwa upendo.

Mleta uzi, wiki tano baadaye

Niliahidi kwa ujumbe wa faragha kwamba nitarudi, na jana ilikuwa siku yangu ya kliniki. Nilikwenda na daftari jipya la wiki tano. Lina 17.8 ya Jumatatu moja, lina 5.2 mbili, lina siku nne tupu mfululizo, na kwenye pembe ya ukurasa wa tatu kuna alama ya kidole ya rangi ya kutu ambayo sikuiweka kwa makusudi. Sukari haijakaa sawa. Nilichobadilisha ni kimoja tu, baada ya kufikiria maneno ya mama muuguzi: sipimi tena saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda darasani, ila siku za shule napima jioni kabla ya chakula, mahali ambapo namba mbaya haiwezi kunisindikiza hadi kidato cha nne.

Sista alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye ile alama, akafika kwenye zile siku nne. Kalamu yake ilikuwa imeshaandika “tarehe” kwenye kadi. Akaniuliza, “Hapa kulikuwa na nini, mwalimu?” Nikamwambia kulikuwa na msiba wa shemeji, tulilala nje siku tatu, dawa nilizisahau nyumbani na niliona aibu kuzifuata mbele ya waombolezaji. Akaweka kalamu chini, akauliza kama nina mtu ambaye siku kama hizo ninaweza kumwambia anichukulie dawa bila kunihoji. Nilichukua muda kujibu, kisha nikamtaja mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa nyuma yangu kwenye benchi, bila daftari, akiwachekesha wazee wawili.

Akasema, “Mwite.”